Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Kaijage

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani na ndugu wote mliofika, maisha ya Elpidius Rwegoshora Kaijage yalikwisha kusimuliwa katika ua huu mara moja, siku ya Jumatatu tarehe 12 Februari 1945, na wengi wenu mlikuwapo, mkalia, mkanyoa vichwa, mkarudi makwenu. Siku ile yalisimuliwa vibaya, kwa sababu mwenyewe alikuwa hai. Leo tunayasoma upya, na familia imemtaka mdogo wake, Yustus Ndyamukama, ayasome yeye na si mtu mwingine, kwa sababu mtakazozisikia.

Marehemu alizaliwa hapa Kanoni tarehe 3 Mei 1921, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kaijage na mama Kokushubira, akabatizwa tarehe 7 Septemba 1924. Alianza kusoma kwa katekista mwaka 1930, akamaliza darasa la nne mwishoni mwa mwaka 1935, akijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kuugua tumbo kila siku ya hesabu. Baada ya hapo alimsaidia baba yake katika kibanja, migomba na kahawa, na ndiye aliyempandisha mdogo wake mabegani kila walipovuka kijito cha bondeni, hata mdogo huyo alipokuwa mkubwa wa kutosha kuvuka mwenyewe.

Tarehe 18 Januari 1941 marehemu alifunga ndoa na Adelgunda Kokubanza wa Ndama, na tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo, mkewe akiwa mjamzito, aliandikishwa Bukoba katika jeshi la Waingereza tulilozoea kuliita Keya. Binti yao, Joviana Kemilembe, alizaliwa tarehe 22 Februari 1942, baba yake akiwa mafunzoni. Marehemu alipelekwa Siloni mwaka 1943, kisha Burma mwaka 1944, na habari za Burma alizozitoa maishani mwake zingejaa katika kiganja: mvua isiyokatika, matope, ruba, na nyumbu waliobebeshwa risasi, ambao aliwahurumia kuliko alivyowahurumia maafisa.

Mwezi Desemba 1944 alirudi askari mmoja wa Isingiro aliyepoteza mguu, akasema kwa kiapo kwamba alimwona Rwegoshora akijeruhiwa na kuchukuliwa na mto. Hakusema uongo, alisema alichokiona. Asichokiona ni kwamba marehemu aliopolewa chini zaidi na kikosi kingine, akalazwa India miezi mingi, akaandika barua mbili ambazo hazikufika. Mzee Kaijage hakuweza kuvumilia mwanawe alale ugenini bila kaburi, ikafuatwa desturi ya ukoo: ukang'olewa mgomba, ukakatwa kimo cha mtu, ukavishwa lubugo, nguo ya gome la mti, kama maiti inavyovishwa, ukazikwa mbele ya nyumba hii. Aliyeulaza kaburini kwa mikono yake ni Yustus, na kwa kuwa alikuwa analia na ana haraka, hakukata kisiki, akauzika na mizizi yake. Matanga yalipoanuliwa wazee walimkabidhi nyumba, kibanja na shemeji yake Adelgunda, ili mtoto asikose baba, bila kumwuliza Padri, jambo ambalo familia inaliungama hapa.

Siku ya Jumamosi tarehe 14 Septemba 1946, saa nane mchana, marehemu aliteremka kwenye lori huko barabarani, akaja kwa miguu akiwa na kabuti la jeshi, buti, na sanduku la bati ambamo alikuwa na kitambaa cha hariri cha kijani alichomnunulia mkewe. Mama Kokushubira alikuwa anaanika kahawa. Hakupiga kelele, alisimama, akamwita jina lake la utoto, na marehemu alipotaka kuingia ndani akamzuia kwa mikono miwili asikanyage kizingiti, huku machozi yakimtiririka.

Ninyi mnaijua desturi, lakini wapo wageni. Kwetu, mtu aliyekwisha kuliliwa akirudi, haingii kwa mlango wa mbele. Anazungushwa nyuma ya nyumba, anapewa chakula karibu na majivu, mpaka yule aliyemzika aung'oe mgomba ule, amshike mkono wa kulia, amwite majina yake yote mbele ya watu, na kumwingiza. Asipofanya hivyo aliyerudi hana kiti barazani, hana sauti katika kikao cha ukoo, na mtoto wake hamwiti baba. Mwenye kazi hiyo ni mmoja tu, hakuna awezaye kuifanya kwa niaba yake, na ni kazi ya asubuhi moja.

Yustus alisema ngoja tumalize kahawa. Kisha mzee Kaijage akaugua, akafariki tarehe 2 Agosti 1947, na Yustus akasema ngoja tumalize matanga. Kisha ikawa mvua. Ukweli ni kwamba aliogopa, kwa kuwa Adelgunda alikwisha kumzalia mtoto mmoja na alikuwa na mimba ya pili, na moyoni mwake Yustus aliona kwamba akimwingiza kaka yake kwa mlango wa mbele, yeye atatokea kwa ule wa nyuma.

Marehemu hakugombana na mtu. Mwezi Oktoba 1947 aliomba kazi katika machimbo ya bati huko Kyerwa, akawa kibarua, kisha mnyapara hadi mwaka 1955, akiishi peke yake katika nyumba ya chumba kimoja Isingiro. Wenzake wanatuambia kwamba blanketi lake alilikunja pembe nne kila asubuhi kana kwamba afande atapita kukagua, kwamba alikula ameegemeza mgongo ukutani akitazama mlango, na kwamba siku za sikukuu alifua, akavaa kabuti, akakaa kwenye kigoda nje ya nyumba mpaka jua likazama, akasalimiwa na wapita njia, akaingia ndani. Kiswahili chake kilikuwa cha Keya, akikuuliza habari ya nyumbani unaweza kudhani anakuamuru ugeuke nyuma, na watoto walimcheka, naye alipenda kuchekwa nao kwa sababu ndio waliokuwa wakimsogelea.

Kila baada ya miezi miwili alitembea siku mbili kuja Kanoni, akapita kando ya kahawa, akakaa nyuma ya nyumba. Joviana alimpelekea chakula akipiga magoti, akisema shikamoo baba mkubwa, naye akajibu marahaba, kwa kuwa ndivyo mtoto alivyofundishwa. Penye lubisi, pombe yetu ya ndizi, wazee fulani, ambao leo wapo hapa na vichwa wameinamisha, walipomwona walimwaga tone chini kama wanavyomwagiwa wafu, wakisema hilo ndilo fungu la Rwegoshora, wakacheka, na yeye akacheka nao. Tulidhani amezoea.

Na ule mgomba ulichipua. Kisiki kilichosahauliwa kilitoa machipukizi, yakawa shina zima, likazaa mikungu ambayo hakuna aliyethubutu kuila, na hakuna aliyelihudumia ila marehemu mwenyewe. Kila alipokuja alikata majani makavu, akapunguza machipukizi, akatandaza nyasi, akafanya kazi hiyo taratibu juu ya kaburi lake mwenyewe, mbele ya mlango asioruhusiwa kuupita, na sisi tukimtazama kutoka barazani.

Jumapili ya tarehe 19 Aprili 1953, baada ya Misa, alimkuta Yustus anapogolea kahawa, akavua kofia. Alisema: "Yustus, mke simtaki, mmekwisha kuwa na watoto. Shamba silitaki. Nataka unishike mkono tu, uniingize, nikae kidogo, halafu nitaondoka." Yustus alijibu kwamba mvua ikikatika atafanya. Marehemu alivaa kofia yake, akashukuru, akaenda zake Isingiro, na tangu siku hiyo hakuomba tena.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka 1955, akaacha kazi kwa ajili ya kifua. Mwezi Novemba 1957 alizidiwa, akalazwa hospitali, na Adelgunda, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote, alimkalisha Joviana chini akamweleza yote, akamtuma akamwuguze baba yake. Binti alikaa naye wiki kumi na saba. Muuguzi ametusimulia kwamba siku ya kwanza alipomwita Tata, yaani baba, marehemu aliangalia nyuma yake kuona anayeitwa ni nani. Aliendelea kumwita hivyo kila siku, hata mgonjwa akawa anaitika kabla jina halijaisha. Alifariki siku ya Jumapili tarehe 16 Machi 1958, saa tatu asubuhi, binti yake amemshika mkono wa kulia.

Marehemu ameacha mama, mdogo wake mmoja, na mtoto mmoja, Joviana. Kuhusu mjane, familia ilikaa juzi ikabishana jinsi ya kuandika, mpaka Adelgunda mwenyewe akaondoka, akarudi amejifunga kile kitambaa cha hariri cha kijani kichwani, akakaa kwenye mkeka wa wafiwa, na mabishano yakaishia hapo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Isingiro waliomletea uji na kuni alipokuwa hawezi kuinuka, wafanyakazi wenzake wa machimbo waliombeba kwa zamu njia nzima hadi hapa, na wenzake wa Keya waliosimama pale wakiwa wamevaa makabuti, ambao bila shaka walimjua kuliko sisi. Kwao hatuna cha kuwapa isipokuwa kuwaomba msamaha.

Limebaki jambo moja, ambalo wengi wenu mmeliona asubuhi hii lakini lazima lisomwe ili liandikwe. Saa moja Yustus alichukua jembe, akauchimba ule mgomba, shina, kisiki na mizizi yote, peke yake, akikataa kusaidiwa. Katika shimo hilohilo tutamlaza marehemu. Kisha akawaomba waliobeba jeneza wasimame kizingitini, wafungue kifuniko, akaushika mkono wa kaka yake, akamwita majina yake yote mbele yenu, akatangulia naye kuingia kwa mlango wa mbele, tukamkalisha chumbani kwa baba yake kwa muda wa rozari moja. Mkono ulikuwa baridi na haukumshika yeye.

Elpidius Rwegoshora, mwana wa Kaijage, kaka uliyenibeba mabegani, mvua imekatika. Umefika nyumbani, kaa unavyotaka, upumzike kwa amani.