Seva Tatu, Chumba Kimoja

Mtaalamu wa kompyuta aliyekaa mbele yangu basini alikuwa akimtambia jirani yake, fundi viyoyozi, kwa sauti ya mtu anayetaka hata dereva asikie. “Kaka, rekodi za wagonjwa wetu tumezigawa kwenye seva tatu, kila moja ina chumba chake na nakala za zile nyingine. Moja ikifa, hutajua.”

Fundi akakohoa. “Hospitali ile ya bondeni? Mbona juzi nilizihamishia zote chumba kimoja? Kiyoyozi kinachofanya kazi kilibaki kimoja tu.”

“Mungu wangu! Chumba gani?”

“Cha chini kabisa, chenye ubaridi.”

Mtaalamu akageukia dirishani. Mimi niliyekuwa nikisinzia, usingizi uliniruka. Basi likasimama, maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kuelekea bondeni yalikuwa yameshafika kwenye ngazi ya mlango.