Jani la Upande wa Luce

PERINA: …nyuki wako wanakula kwangu, wanalala kwako, halafu kwenye chupa ya asali unabandika jina lako peke yako? Ngoja, simu hiyo. Haloo? Ni nani?

DINKA: Mimi, mama. Shikamoo.

PERINA: Marahaba, Dinka. Paza sauti, upepo wa bura unavuma hadi nyaya zinalia.

DINKA: Unagombana na nani?

PERINA: Na nani tena? Kijiji kizima moshi unatoka nyumba mbili.

LUCE (ng'ambo ya ukuta): Msalimie huyo mtoto. Mwambie mama yake anaonea wivu wadudu.

PERINA: Umemsikia? Haya, kaingia ndani. Majani niliyokutumia yamesemaje? Kichaka chake cha kadulja kimezaliwa na changu, au siyo?

DINKA: Nilikueleza, mama. Nyuki huleta chavua, upande wa baba. Mimi nasoma zile pete ndogo ndogo za DNA zilizomo ndani ya jani, ambazo mbegu huzirithi kwa mama tu—

PERINA: Nakumbuka, pete mbili. Kubwa na ndogo. Huungana, huachana.

DINKA: Halafu huungana tena. Na mmea unaishi tu.

PERINA: Na ile ndogo ikishaachwa, nani anailisha?

DINKA: Hilo sijalisoma.

PERINA: Basi nipe matokeo.

DINKA: Bahasha moja uliandika "yangu", nyingine "ya Luce".

PERINA: Kwa mkono wangu huu.

DINKA: Yamefanana.

PERINA: Si nilisema— Luce! Njoo usikie—

DINKA: Mama, ngoja kwanza. Si pete tu. Yamefanana kila kitu, hadi kuvu iliyo juu ya jani. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani hivyo. Hicho ni kichaka kimoja.

(Mtandao unakwaruza.)

DINKA: Mama? Ulichuma kweli upande wa Luce?

PERINA: Upepo huu, sikusikii.

DINKA: Unanisikia.

PERINA: Langoni kwake nilifika. Mkasi mkononi. Sasa mtu ambaye hakuja kumzika baba yako, miaka tisa sijakanyaga kwake, nianzie wapi? Hodi, nimefuata majani?

DINKA: Hivyo hivyo.

PERINA: Rahisi kwako. Wewe huko Zagreb una watu.

DINKA: Ndiyo. Wapo.

PERINA: Umekula?

DINKA: Mkate. Nimesimama hapa hapa kwenye mashine.

PERINA: Na wenzako?

DINKA: Wameenda kula.

PERINA: Mbona hukwenda na—

DINKA: Mama, bila jani lake ugomvi wenu hauna jibu, na kazi yangu inabaki nusu. Nenda.

PERINA: Sasa hivi? Na simu sikioni?

DINKA: Nakusindikiza.

PERINA: Mh. Haya. Taratibu, mawe haya… Lango lenyewe limeshika kutu.

(Chuma kinalia.)

PERINA: Luce. We Luce.

LUCE: Umekuja kuhesabu nyuki?

PERINA: Nimekuja kuomba jani. La kadulja. Moja tu. La mtoto, la kazi yake.

LUCE: Miaka tisa. Unakuja kuomba jani.

(Upepo.)

DINKA: Mama? Uko—

PERINA: Shh.

LUCE: Kadulja haina miguu, haitakimbia. Maharage ndiyo yanapoa. Ingia, ufunge mlango, bura inanipeperushia majivu nyumba nzima.

PERINA: Dinka, nitakupigia baadaye, nime—

DINKA: Usikate. Iweke mezani tu. Sitasema neno.

PERINA: Salio lako, mwanangu.

DINKA: Liache liishe.

(Kiti kinaburutwa. Vijiko.)

LUCE: Huyo mtoto bado yupo? Msogeze basi huku, karibu na mkate.