Mshono wa Kitabu cha Tano

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Songambele, ndugu mliotoka Kanoni na Mabira, na ninyi mliosafiri kutoka mbali zaidi, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni Aristides, mdogo wake marehemu, niliyezaliwa nikimfuata yeye, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, kazi ninayoianza na fumbo ambalo nimelihangaikia miaka kumi na moja bila kulifumbua, yaani ni nani aliyefumua mshono wa kitabu cha tano na kuushona upya. Najua baadhi yenu hamwelewi ninasema nini, na wengine mnaelewa vizuri sana na mmeanza kutazama chini, lakini nivumilieni, kwa sababu leo asubuhi wale mliowahi kufika mlisikia kicheko kikubwa kikitoka sebuleni alikolazwa marehemu, na mnastahili kuelezwa kwamba hakikuwa utovu wa adabu.

Marehemu Agnetha Kokwijuka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 huko Kanoni, Karagwe, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Clavery na Mama Costansia, wakulima wa migomba na kahawa, akabatizwa mwaka huohuo katika kanisa la Kilutheri, na mama yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyo alichelewa kusema lakini aliwahi kuuliza. Alianza shule ya msingi hapo Kanoni mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, na ingawa alifaulu vizuri, hakupata nafasi ya kuendelea, jambo ambalo sikumsikia akilinung'unikia hata siku moja, kwa kuwa alisema kusoma hakuna mlango mmoja. Mwaka 1972 alijiunga na mafunzo ya ushonaji yaliyoendeshwa na akina mama wa kanisa, akamaliza mwaka uliofuata, na tangu hapo hadi macho yake yalipoanza kuchoka alikuwa fundi wa nguo, na wengi mliokaa hapa mlianza darasa la kwanza mkiwa mmevaa kaptula na sketi zilizotoka mikononi mwake, zenye pindo refu la kuachia ukuaji.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa takatifu na Bwana Novatus Mugisha, wakahamia hapa Songambele, wakati huo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe kabla Kyerwa haijawa wilaya, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joyness aliyezaliwa mwaka 1978, Winston mwaka 1981, na Costansia, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka 1985. Shemeji yangu Novatus, aliyetutangulia mwaka 2017, alikuwa mtu wa utani na mwenye subira katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililotuletea mshono.

Ilikuwa mwaka 1998, Novatus alikwenda Bukoba kutafuta kipuri cha cherehani, basi la kurudi likaharibika, na katika kulisubiri akanunua kitabu kidogo chenye jalada la njano, cha kwanza katika mfululizo wa Bi Stamili, mpishi mstaafu wa shule ya bweni katika mji mdogo ulio kando ya ziwa, ambaye hana cheo wala silaha, ila ana birika la chai, majirani wengi, na tabia ya kukumbuka nani alisema nini. Katika kitabu hicho kengele ya shule imeibwa, na Novatus alifika nyumbani akijua tayari mwizi ni nani, kwa sababu alikuwa na kawaida ya kuanza na ukurasa wa mwisho, akamwambia mkewe jina la mwizi kabla hajavua viatu. Marehemu hakugombana naye, ila kitabu cha pili kilipopatikana alikichukua kabla mumewe hajakigusa, akatia uzi mwekundu kwenye sindano ya mkono, akazishona pamoja kingo za kurasa za sura ya mwisho, akamwambia, "Baba Joyness, sasa utafika mwisho kwa miguu kama wenzako."

Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza, na haikubaki ya watu wawili kwa muda mrefu. Msimu wa kahawa majirani walipokuja kusaidia kuchambua, na siku nyingine wanawake walipokaa pamoja kumenya ndizi, kitabu kilisomwa kwa sauti, na msomaji alikuwa jirani yetu Mama Mukandekezi, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, na ambaye alikuwa na sauti ya kila mhusika, hata mbuzi. Walipofika penye uzi, kusoma kulisimama, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa, na kila aliyekuwa akifuatilia alipaswa kumtaja mtu wake, yaani yule anayemdhania kuwa mkosaji, na kueleza kwa nini, na hakuna uzi uliokatwa kabla wote hawajataja. Mzee Celestin Niyomugabo, fundi viatu wetu mwenye asili ya Burundi, hakuwahi kupatia hata mara moja, na kila kitabu alikuja akiwa na uhakika mpya, akimshtaki mchuuzi, au mganga, au mtu aliyekwisha kufa sura ya pili, na marehemu alikuwa akimwambia kwamba angekuwa hakimu, Kyerwa nzima ingekuwa gerezani isipokuwa wezi.

Nilikuwa mwalimu, nimesoma vitabu vingi vinene, na kwa muda niliviona hivi kuwa vyepesi, mpaka siku moja marehemu aliponiuliza ninasoma nini, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Aristides, vyako vinakuacha na huzuni, vyangu vinaniachia hamu ya kupika." Nilikaa siku hiyo nikasikiliza, na sikuondoka. Niligundua kwamba raha ya vitabu vile si kumkamata mtu tu, ni kurudi mahali unapopajua, kumkuta Bi Stamili akilalamikia kuni mbichi kama alivyolalamika kitabu kilichopita, kujua kwamba jirani yake mbishi atakuja kuomba chumvi na kuacha habari muhimu bila kujua, na kuwa na hakika kwamba kilichovurugika kitapangwa tena kabla chai haijapoa. Marehemu aliongeza raha nyingine, kwamba katika vitabu vile mkosaji huwa mtu aliyetusalimia vizuri tangu mwanzo, na kwa hiyo alijifunza kutoshangaa mtu akikosea, na kutomfukuza pia.

Sasa nafika kwenye fumbo. Mwaka 2014 kilikuja kitabu cha tano, kile cha bwana harusi aliyepotea siku ya harusi yake, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua na watu hawakuweza kukutana kila mara, kitabu kilizunguka nyumba kwa nyumba ili aliyekosa sura aifikie. Kiliporudi, marehemu alikigeuza mkononi, akaona fundo la uzi liko juu, wakati yeye maisha yake yote alificha fundo chini. Mtu alikuwa amefumua, amesoma mwisho, na ameshona tena kwa uzi uleule mwekundu, kwa mkono mzuri kabisa. Sisi tuliokuwepo tulisubiri hasira, lakini dada yangu alicheka mpaka akashika ubavu, akaagiza kikapu cha kahawa, akatusikiliza wote tukitaja watu wetu, na uzi ulipokatwa na sura kusomwa akasema amekwisha kumjua, kwa sababu ni mmoja tu kati yetu aliyekosea kwa makusudi, na hatamtaja.

Nilimsihi aniambie, akakataa. Nilimdhania Mzee Celestin, kwa kuwa ana sindano na uzi, lakini yeye hukosea bila makusudi. Nilimdhania Mama Mukandekezi, kwa kuwa kitabu kilikaa kwake siku nyingi, nikamdhania Winston aliyekuwa nyumbani kwa likizo, nikamdhania marehemu shemeji yangu Novatus kwa sababu zinazojulikana, ingawa hakuweza kushona hata kifungo, na naomba radhi mapema, nilimdhania hata mchungaji wetu, aliyekiazima siku mbili akisema anataka kuona kama kinafaa kwa vijana.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2025, Joyness alituletea kutoka Mwanza kitabu cha kumi na mbili, kinachosemekana kuwa cha mwisho katika mfululizo, na wakati huohuo marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa Mwanza, ambako aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akapewa matibabu, na mwezi wa Aprili akaomba arudishwe nyumbani. Alishona sura ya mwisho akiwa amekaa kitandani, mshono ukaenda upande kidogo, akautazama akasema utatosha. Mama Mukandekezi alikuja kumsomea kidogo kidogo, na sisi wengine tulikaa ukutani tukisikiliza, na nasema kweli, ulikuwa wakati wa furaha, maana hata daktari aliyekuja kumwangalia alichelewa kuondoka ili amalize sura.

Tulifika penye uzi Jumanne ya wiki hii. Wote walitaja watu wao isipokuwa Mzee Celestin, aliyekuwa Mabira kwa wakwe zake, na tulipomwomba marehemu tumkatie uzi tu, kwa kuwa tuliona hali yake, alikataa, akasema desturi haikatwi kwa sababu ya moyo mbovu. Jioni ya Jumatano alimwita Joyness karibu, akamwambia, "Nikitangulia, uzi akate yule aliyeshona cha tano. Anajijua. Mwambieni sina neno naye, mshono wake ulikuwa mzuri." Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, dada yangu alilala katika Bwana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, bila kuujua mwisho wa kitabu.

Hilo ndilo lililotuumiza kuliko yote, na jana mchana kikao cha familia kililizungumza kirefu. Wapo waliosema azikwe na kitabu chake kikiwa kimeshonwa, wapo waliosema kitabu cha hadithi hakina nafasi mbele ya mwili, na wapo waliouliza ni nani atakayethubutu kusimama mbele ya umati huu akasema ni mimi niliyefumua. Mchungaji alisikiliza, akasema haoni ubaya wa kumtimizia marehemu neno lake ikiwa sala zitatangulia, na kwamba hata yeye amekwisha kumtaja mtu wake na angependa kujua. Katikati ya maneno hayo Mzee Celestin aliingia, vumbi la Mabira likiwa bado kwenye koti lake, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza, akavua kofia, akasema, "Mama Joyness, nimechelewa. Mimi namtaja muuza mafuta ya taa." Kisha akakaa chini akalia, na sisi tukalia naye, na sharti la marehemu likawa limetimia.

Kabla sijasema kilichoamuliwa, nitoe shukrani. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili kwa kazi kubwa na lugha nzuri, usharika na kwaya, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga cherehani zao kwa heshima yake, na majirani mliotuletea ndizi, maharage, kuni na maji tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba wafiwa hatukushika jembe wala sufuria. Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na wadogo zake wanne.

Kikao kiliamua kwamba kitabu kiwekwe juu ya cherehani katika chumba chake cha kushonea, mkasi kando yake, na kwamba leo baada ya sala ya asubuhi, kila aliyewahi kufuatilia vitabu vile aingie humo peke yake, mlango ukiwa umefungwa, amuage fundi mbele ya cherehani yake, atoke, asiulizwe neno. Tuliingia mmoja mmoja, mchungaji akiwemo, na zamu yangu ilipofika nilikuta uzi umekwisha kukatwa, umezungushwa vizuri kwenye kibobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi cha cherehani, na sindano imechomekwa juu yake. Walioingia kabla yangu walikuwa wengi, na mimi, ambaye kwa miaka kumi na moja nimefuata fumbo hili, niliona afadhali nisikumbuke ni akina nani. Mama Mukandekezi alikichukua kitabu, akakaa kando ya jeneza lililo wazi, wanawake wakiendelea kumenya ndizi mlangoni, akasoma sura ya mwisho tangu neno la kwanza hadi la mwisho kwa sauti zake zote, na ilipojulikana kwamba Mzee Celestin amekosea tena, kikatoka kile kicheko mlichokisikia. Mkosaji ni nani sitasema, kwa kuwa Costansia, aliyekianza juzi tu na akatoka nje kilipokuwa kikisomwa, bado yuko sura ya sita.

Basi neno la marehemu limetimizwa, na aliyelitimiza amekaa katikati yetu, amemenya ndizi au amebeba kuni au ameongoza sala, na kwa niaba ya familia namwambia asante, mshono wako ulikuwa mzuri. Nawe dada yangu, mwisho umeusikia, lala sasa kwa amani ya mtu aliyesomewa mpaka ukurasa wa mwisho.