Aliyeipa Ajali Mgongo: Maisha ya Marehemu Aminiel Gadiel Akyoo

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, marehemu Aminiel Gadiel Akyoo aliondoka kituoni na waokoaji wenzake wanne kwenda kwenye ajali ya pikipiki karibu na Makumira, na kabla ya kueleza yaliyofuata, familia inaomba ianzie mwanzo wake.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1974 kijijini Nkoaranga, mtoto wa tatu wa mzee Gadiel na mama Nancy, wakulima wa kahawa na ndizi, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo, akamaliza shule ya msingi mwaka 1988 na kidato cha nne mwaka 1992. Tarehe 1 Julai 1999 aliajiriwa katika uokoaji, na kwa karibu miaka ishirini na sita, wenzake walipoinama juu ya majeruhi, yeye alitembea hatua mia mbili kuelekea yanakotokea magari, akatandaza matawi barabarani, akarudi nyuma kidogo na kusimama peke yake na bendera nyekundu, ameipa ajali mgongo. Madereva walimtania kwamba mzee anachunga lami, itazaa lini, naye akiwajibu wapite polepole, ina mimba.

Tarehe 24 Novemba 2001 alifunga ndoa na Hanna, wakajaliwa mtoto mmoja, Vaileth, anayewasomea historia hii, na tangu Hanna alipofariki Agosti 2016, baba na binti waliishi wawili tu Kijenge, na kila baba alipokuwa zamu Vaileth hakuweza kula mpaka asikie geti.

Marehemu hakuugua. Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito, mwendesha pikipiki alikuwa amekwisha kukata roho, amelala wazi mbele ya watu, na mzee Yoeli, mkazi wa pale, kama alivyowaeleza polisi mwenyewe jioni ile, aliona ni aibu kumwacha hivyo, akapita pembeni kwenye migomba kutafuta majani, akayakuta matawi barabarani, akayazoa na kwenda kumsitiri maiti. Lori lililokuja halikukuta alama yoyote, marehemu akapuliza filimbi, wenzake wanne wakaruka mtaroni, yeye hakuwahi. Alifariki hospitalini saa nane na dakika tano mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kijenge waliolala msibani, washarika, na wale wanne waliolibeba jeneza leo.

Asubuhi iliyofuata ajali, saa moja kasoro robo, Vaileth alikwenda kwa mzee Yoeli, aliyekuwa amejifungia ndani, akamwamkia shikamoo kupitia mlangoni, akamwomba ruhusa ya kulisoma jambo hili mbele yenu, watu wajue matawi ya barabarani hayaondolewi, akamwahidi kwamba jina lake hatalitaja. Mzee akafungua, akasema, mwanangu, soma, ila jina langu usilifiche, nami nitakuja kukaa pale mbele wanione. Vaileth alirudi nyumbani, akaliandika.

Pumzika, baba, katika amani ya Bwana.