Fundi Aliyeziba Chumba Kisiingie Sauti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Wateja wake walimwita Bwana Kimya. Alitutoka wiki tatu zilizopita, chumbani kwake, peke yake. Narudia, peke yake, maana hapo ndipo panapouma.

Bwana Kimya alifiwa na mkewe, hawakujaliwa watoto. Akabaki na cherehani, gitaa, na nyimbo tisa alizomtungia mama huyo. Alitaka zirekodiwe. Studio za mjini hakuziweza, mfuko ulikuwa umetoboka. Basi akajitengenezea yake.

Alishona mito mirefu, akaijaza vipande vya nguo vilivyobaki mezani, akaitundika kuta zote. Dirisha akaliziba kwa sponji la kochi bovu. Mlangoni akasimamisha godoro. Maikrofoni ya mtumba aliifunga kwenye mguu wa feni iliyokufa. Mbele yake akavuta soksi ya nailoni ya marehemu mkewe juu ya fremu ya kudarizia, ili pumzi isipige maikrofoni. Kompyuta ilikuwa kuukuu, inawaka ikipenda. Studio yetu hii ina kuta za bei mbaya, na honi za pikipiki bado zinaingia. Kwake haikuingia hata moja.

Jirani yake, kinyozi, anasimulia huku akicheka na kufuta macho. "Alinikataza kuwasha mashine akiwa anaimba! Nikamwambia, fundi, huyu mteja aende nyumbani na nusu kichwa?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Bwana Kimya alibakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike, muuguzi. Siku moja alimwimbia kwenye simu. Dada akamtania, "Kaka, kwa sauti hiyo hata kuku watahama." Utani tu. Lakini kaka alikuwa na majonzi, akakata simu. Hakuipokea tena.

Dada akaenda kuomba radhi. Alikwenda Jumamosi tatu. Siku zote tatu hakufunguliwa.

"Jumamosi ya mwisho nilipiga hodi mara tatu," ameniambia dada huyo. "Baada ya hodi ya tatu nikamsikia kwa mbali anaanza kuimba. Nikasema, kumbe yupo, ananifukuza kwa wimbo. Nikaondoka nalia. Sikurudi."

Naye kaka alimwambia kinyozi, "Ndugu yangu kanisusa. Mlango wangu haubishwi na mtu."

Baada ya mazishi, dada alituletea nyimbo zile tisa tuzirushe hewani. Fundi mitambo wetu alikuta rekodi ya wimbo wa tisa haijakatwa mwanzo wake. Kulikuwa na kitu kinanong'ona pale. Akapandisha sauti.

Ilikuwa hodi. Hafifu, nyuma ya godoro. "Hodi." Kimya. "Hodi, kaka." Kimya. "Kaka, hodi, ni mimi."

Bwana Kimya alikuwa ameziba masikio kwa hedifoni, anasikiliza gitaa alilorekodi jana yake. Maikrofoni ilisikia. Yeye hakusikia. Kisha anakohoa kidogo, anasema peke yake, "Leo tena hakuna aliyekuja. Haya, tuimbe."

Na anaimba.

Dada alikuwa amekaa kiti hiki kilicho mbele yangu. Alituomba tuirudie rekodi ile. Tukairudia. Akasema, "Hakunisikia." Akasema tena, "Jamani, hakunisikia."

Dada yetu, pole sana. Pole nawe kinyozi. Mungu amrehemu fundi na mkewe.

Nawe unayenisikia, kuna mlango ulioupa kisogo kwa sababu hukujibiwa. Zima redio hii. Nenda kabishe kwa kiganja kizima, mpaka mtu atoke.