Mto wa Yien, Ukame wa Lokeno

Wasikilizaji wapendwa, mlio Lodwar mjini, mlio Kakuma, hadi kule Kaikor, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Clotilde, mke wa Ilunga fundi viatu. Alitoka Kongo. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta pale Kakuma. Ametutoka mwezi uliopita, mwaka huu wa tisini na tisa ukielekea ukingoni.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, joto la kuchemsha chai. Kompyuta chache, zimeunganishwa kwa waya na moja kubwa waliyoiita seva. Hiyo seva ndiyo iliyoendesha mchezo. Wote walicheza kupitia kwayo. Vijana wakajifunza kuutengenezea mchezo viongezo vyao wenyewe: mbuzi, milima, nyumba za makuti. Wakawa wanapeana kwa diski.

Ilunga hakusoma. "Mimi nilijua tu, bibi yangu akirudi anacheka, siku imekuwa muzuri," anatuambia.

Na siku aliyocheka kuliko zote ni ile ya mto. Yien, kijana wa Sudan, alitengeneza kiongezo cha mto uliojaa mwaka mzima. Lokeno, Mturkana wa Nakalale, akauchukua, akaufanya ukauke kama Tarach, mto wa Kakuma usio na maji ila mvua ikinyesha. Kisha akafuta jina la Yien akaweka lake, kama mtu anayemchoma ng'ombe alama upya.

"Umeniibia mto!" Yien akafoka.

"Mto gani haukauki? Umeuona wapi? Nimekurekebishia, hata asante hakuna!"

"Ejok, wanangu, ejok," Clotilde akaingilia akicheka, kwa salamu ya Kiturkana aliyojifunza juzi tu. "Mto wa Yien. Ukame wa Lokeno. Andikeni yote mawili."

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wake. Kiongezo kibaki na jina la aliyekianza. Ukikibadilisha, weka lako chini, usifute. Kijaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, kisije kikaiangusha seva wenzako wakicheza. Ulichopewa bure, kitoe bure. Jina libaki, wasikilizaji. Jina libaki.

Wakubwa fulani wa Lodwar wakasikia. Wakaagiza diski zote ziende kukaguliwa. Vijana walizitoa kwa sababu Clotilde aliwaambia watoe. Ziliporudi, kila kiongezo kilikuwa na jina moja: la ofisi yao. Clotilde akafunga safari kwenda kudai. Akawekwa kwenye benchi tangu asubuhi, mwisho akaambiwa watoto wa kambini wana haja gani na majina.

Alirudi hacheki. Homa ilipomshika, ilimkuta amechoka. "Daktari alisema malaria," anasema Ilunga. "Mimi nasema bale bakubwa." Anasema hivyo, nasi hatumkatizi.

Siku ya mazishi, afisa mmoja wa ofisi ile alileta kibao kilichopakwa rangi, jina la Clotilde juu yake, kitundikwe mlangoni pa chumba. Watu wakapiga makofi. Ilunga akakirudisha.

"Jina yake itangoja, bwana mukubwa. Rudisheni kwanza ya batoto."

Afisa akaondoka na kibao kwapani. Basi Yien na Lokeno wakaketi kwenye seva, wakaanza kurudisha majina wenyewe, kwa kuulizana. Karibu yote yamerudi. Wamekwama kwenye kiongezo kimoja, cha kisima. Kizuri mno. Clotilde pekee ndiye aliyejua ni cha nani.

Ilunga, pole sana. Poleni wote mliompenda. Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni leo mnatumia kazi ya nani, na kama mnamtaja. Na kama ni wewe uliyekichimba kile kisima, popote ulipo, tafadhali, tuma jina lako Kakuma.