Mkono Uliolazwa kwa Sindano

Mwaka wa hamsini na tatu, basi la Kibamba lilipokata kona, mkono wa Haiderali ulimwangukia mapajani jirani yake, Mwinshehe, mwosha maiti. "Niwie radhi, bwana. Daktari kanidunga sindano hapa juu ya mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, mishipa ya fahamu ikalala. Miaka mitatu mkono huu ukiniwaka moto. Leo hata uukate, sisikii."

"Kuusogeza je?"

"Hata kidole siwezi, mpaka jioni."

Kwa mazoea ya kazi, Mwinshehe alikwisha kuanza kuvinyoosha vile vidole, kimoja kimoja. Vililegea kama vya maiti, ila vilikuwa na joto. Akaona haya, akaacha.

"Namwomba Mungu mkono huu usiamke tena," alisema Haiderali, macho dirishani.

Basi likasimama. Mwinshehe akainuka, akavutwa chini; vile vidole vilivyolegea vilikuwa vimeikamata nguo yake.

"Niachie, bwana, nashuka."

"Nikuachie nini?" aliuliza Haiderali, bila kugeuka.